Yule mtoto wa vidole vyeusi

Kuna mtu ndani yangu ambaye hataki nikae. Nikijilaza tu mkekani baada ya adhuhuri, hapa Mikindani, upepo wa bahari ukiingia dirishani, ananifokea: "Inuka, mvivu we!" Miaka mingi nilikuwa namjibu kwa matusi.

Mshauri nasaha wangu hakuniambia nimfukuze. Anafuata njia aliyoianzisha Richard Schwartz, mtaalamu wa Marekani, miaka ya 1980: kwamba ndani ya mtu mna sehemu nyingi, kama watu wa nyumba moja, na hata ile korofi ina kitu inachokilinda. Nilicheka. Mambo ya Wazungu haya. Akasema, "Muulize anaogopa nini ukipumzika."

Nikafumba macho. Jibu likaja upesi kuliko nilivyotaka: tutalala njaa.

Nikamwona. Ana miaka tisa, amechuchumaa uani kwetu Newala, anabangua korosho. Baba mgonjwa ndani. Mafuta ya maganda yamembabua vidole, gumba limekuwa jeusi, ngozi inatoka kama karatasi. Anapaka majivu, anaendelea.

Nilimweleza ustadhi wetu, nikitegemea aseme ni wasiwasi wa shetani. Akanikumbusha Suratul Qiyama, aya ya 2, Mwenyezi Mungu anapoiapia nafsi inayojilaumu. "Alichokiapia Mola usikitukane, mwanangu."

Siku hizi akianza kufoka namwambia, "Pole, mdogo wangu. Unga upo." Jana alinyamaza dakika kumi nzima. Kisha akauliza kama nimelipa umeme.