Chachu mbili, sufuria moja

Ubishi ulianzia dukani, mbele ya friji ya chachu. Shemeji ameshika pakiti za S-23, mimi nimeshika W-34/70, na muuzaji ametuacha tumalizane kwa Kiswahili chetu. Ilikuwa Januari, Milwaukee yote barafu, huku Marekani. Mengine tulishakubaliana: kimea cha shayiri cheupe cha pilsner, hopsi za Hallertau, yale maua yanayoipa bia uchungu na harufu, na bia iwe tayari Pasaka, mama mkwe akiwa bado yuko kwetu kabla ya kurudi Moshi. Ilibaki chachu, na kwa mtu anayepika lager nyumbani, bia inayochachuka kwenye baridi, hapo ndipo penye kazi.

Shemeji alikuwa na hoja. S-23 asili yake ni Berlin, na inajulikana kwa kuacha harufu ya matunda. Yeye amekulia kwenye mbege, pombe ya ndizi, pua yake imezoea ndizi mbivu, na bia isiyo na tunda hata kidogo aliiona kama soda ya maji. Mimi nilitaka ile ya Weihenstephan, kule Freising, Bavaria. Viwanda vingi vya lager duniani vinaitumia kwa sababu inakula sukari yake, inazama chini ya chombo, inaviacha kimea na hopsi visikike.

"Shem, hiyo yako haina maneno," akaniambia.

"Ndiyo maana naitaka."

Tukanunua zote mbili. Tulipika sufuria moja, tukagawa maji yale ya kimea kwenye ndoo mbili, lita 20 kila moja, ili tofauti yoyote itakayotokea isiwe na mwingine wa kusingiziwa ila chachu. Maji ya bomba ya Januari yalitosha kupoza mpaka nyuzi 10. Kila ndoo ilipewa pakiti mbili za gramu 11.5. Wako wanaotia moja, lakini chachu ya lager inafanya kazi kwenye baridi na inazaana polepole. Kanuni ya watengenezaji ni kuitia karibu mara mbili ya ile ya ale, bia inayochachuka kwenye joto zaidi. Ukiibania, itahangaika, na mnywaji atayajua mahangaiko yake.

Mama mkwe alishuka kutuangalia. Tukamwamkia, akaitikia, akavuta kiti. Alipoona pakiti akashangaa.

"Hamira mnainunua? Sisi kwenye mbege hatununui. Inakaa kwenye pipa lenyewe."

Nikamwambia hata Wazungu walikuwa hivyohivyo, Mama. Mpishi wa bia alichota masimbi ya bia iliyopita akatia kwenye mpya, mchanganyiko wa kila aina ya chachu, nzuri na mbovu, mpaka mwaka 1883, Emil Christian Hansen alipotenga chachu ya aina moja tu katika maabara ya Carlsberg, Copenhagen. Pakiti zetu kuwa na majina na namba kunatokana na kazi ile. Shemeji naye akataka kujua uwezo wa kuvumilia baridi unatoka wapi. Hilo ninalipenda kuliko yote. Chachu ya lager ina wazazi wawili. Mmoja ni jamii ya chachu ya mkate na ya ale, tunayoifahamu. Wa pili hakujulikana mpaka mwaka 2011, wanasayansi walipotangaza kuwa wamemwona kwenye misitu ya Patagonia, Argentina, akiishi kwenye miti ya huko kwenye baridi. Ndiye aliyerithisha ustahimilivu ule.

"Kumbe chotara," Shemeji akasema, akafunika ndoo yake.

Chumba cha chini ya nyumba yetu, upande wa ukuta wa nje, majira yale kilikuwa na nyuzi 11. Watawala wa Bavaria walipiga marufuku kupika bia majira ya joto tangu 1553, na ninaona walijua joto linavyoiharibu bia. Tukaziacha. Siku zilivyosonga harufu ya mayai viza ikapanda ngazi mpaka jikoni, mke wangu akaanza kukagua friji. Ni salfa. Chachu nyingi za lager huitoa zikiwa kazini, na gesi inayotoka huibeba ikaenda nayo. Ndoo yangu ilinuka kuliko ya Shemeji, wala haikunisumbua.

Sehemu ninayoikumbuka vizuri zaidi ni jioni ya kupima siagi. Uzito wa maji ya kimea, ukilinganishwa na maji matupu, ulikuwa umeshuka kutoka 1.048 hadi karibu 1.018 kwa kuwa sukari inaliwa, yaani chachu bado ina nguvu lakini kazi imekaribia kwisha. Nilitoa bia kidogo kwenye kila ndoo, nikaigawa kwenye glasi mbilimbili, nikazifunika kwa karatasi ya foili. Moja ya kila jozi niliiweka kwenye sufuria ya maji ya moto, nyuzi 65 hivi. Nyingine ikabaki mezani. Baada ya nusu saa hivi nikazitoa, nikazipoza, nikafunua. Joto linaharakisha yale ambayo bia ingeyafanya yenyewe baadaye kwenye chupa: kitu kisicho na harufu ambacho chachu imekiacha hugeuka kuwa diasetili, na diasetili inanukia siagi.

Glasi zangu zote mbili zilinukia mkate tu. Za Shemeji, ile baridi ilikuwa safi, ile iliyopashwa ilinukia samli waziwazi. Tukampa Mama bila kumwambia neno. Alizungusha glasi, akavuta pumzi, akarudia.

"Hii mmeitia siagi?"

"Hapana Mama. Ni hamira haijamaliza. Ikipewa muda na joto kidogo inaila yenyewe."

"Sasa haraka ya nini? Ipeni."

Tukazisogeza ndoo zote karibu na mtambo wa kupasha nyumba joto, zikakaa kwenye nyuzi 17. Tulipopima tena siku kadhaa baadaye, Mama ndiye aliyenusa wa kwanza, akarudisha glasi mezani, akasema imekwisha. Wanaokimbilia kuiweka bia kwenye baridi mara tu mapovu yanapopungua wanaikosesha chachu nafasi ya kusafisha. Ninalisema hili kwa kila anayeniuliza kuhusu lager, kabla hata ya kutaja aina ya chachu.

Kisha ukaja ule muda mrefu usio na la kusimulia: friji kuukuu, nyuzi 1, wiki baada ya wiki, bia inajichuja yenyewe mpaka unaona vidole vyako upande wa pili wa glasi.

Pasaka mke wangu alimimina jikoni, akaleta glasi bila kutuambia ipi ni ipi. Kulikuwa na mtori na nyama choma. Sikuhitaji kuambiwa. Ile ya Berlin ilifika puani kabla ya mdomoni, tufaha linaloanza kuiva, hopsi zimejificha nyuma yake. Ile ya Weihenstephan ilinukia ganda la mkate, halafu zile hopsi za Hallertau zikaja kama majani yaliyokatwa sasa hivi, halafu mdomo ukawa mkavu, ukataka tena. Maji yaleyale, sufuria ileile, na bado mgeni mmoja alituuliza kama tumetumia shayiri tofauti.

Shemeji alisimama na yake, mimi na yangu. Mama alikunywa zote mbili bila haraka, akagusa glasi ya tufaha: "Hii ya kuonja." Akagusa ya pili: "Hii ya kunywa." Kisha akaomba aongezwe ya kuonja.

Kwa msimu ujao Shemeji anaitaka S-189, iliyotoka kiwanda cha Hürlimann cha Zürich, na anasema itatupatanisha. Nimekubali ndoo moja. Nyingine itabaki W-34/70.