Kikombe cha methadoni na safari ya Unguja

Binamu yangu hunywa methadoni, dawa ya kumtoa mtu kwenye heroini, kila asubuhi hapa Kisauni, Mombasa. Anaimeza mbele ya muuguzi, kwenye kikombe kidogo cha plastiki, kisha anazungumza maneno mawili matatu ionekane kweli imeshuka. Anameza pia dawa zake za virusi vya UKIMWI. Alianza unga, yaani heroini, akiwa kijana, wakawa wanachangia sindano maskani, kijiweni kwao, na ndipo alipoambukizwa. Leo anapaka rangi mashua na watoto wake wanasoma. Ameniruhusu niyaandike haya bila jina lake.

Mjomba wetu alipofariki Unguja, ukoo mzima tulipanda basi la Tanga. Yeye alibaki. Methadoni huwezi kuitia mfukoni ukavuka nayo Lungalunga. Unainywa pale ulipoandikishwa. Ukiikosa siku chache, arosto, yaani mateso ya mwili uliokosa dawa, inakurudisha maskani. Kilichoniuma ni kwamba Unguja kuna methadoni, Kidongo Chekundu, tangu 2015. Lakini upande wetu hakuna aliyejua ampigie nani simu, na maziko hayangoji.

Tangu hapo, nikisikia habari za ushirikiano wa kimataifa dhidi ya UKIMWI visiwani, naangalia kama unamfikia mtu kama yeye. Heroini inashuka kwa majahazi kutoka pwani ya Irani na Pakistani, ikigusa huku kwetu, Zanzibar, Bukini (Madagaska), Shelisheli na Morisi. Sindano zinafuata, na virusi nyuma yake. Morisi waliona mapema: mwaka 2005, takriban tisa kati ya kila kumi waliogunduliwa na virusi walikuwa wanajidunga. Mwaka 2006 wakaanza methadoni na kugawa sindano safi, kisha maambukizi mapya kwa wanaojidunga yakapungua. Mwaka 2015 serikali yao ikaacha kuandikisha wagonjwa wapya wa methadoni, na baadaye ikabidi irudi kwenye mpango uleule. Somo hilo lote lilikuwa la kwetu pia, ila sijawahi kumsikia mtu wa Morisi akilisimulia Mombasa.

Sababu moja naiona wazi. Kamisheni ya Bahari ya Hindi, yenye makao yake Morisi, inakutanisha Komoro, Bukini, Morisi, Shelisheli, na Ufaransa kwa ajili ya kisiwa chake cha Réunion. Imefanya kazi ya virusi kwa pamoja, na naipongeza kwa dhati, kwani nchi yenye watu laki moja na ushei kama Shelisheli haiwezi kujitosheleza kwa kila kitu. Lakini Kenya na Tanzania si wanachama. Mngazija wa Kibokoni, hapa Mombasa, ana shangazi Moroni kule Komoro na wajukuu Unguja. Nani amwambie jamaa zake hao si majirani?

Pesa nazo zimeyumba. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada, vijana tuliokuwa tukiwafuata maskani walianza kuuliza kama methadoni itakwisha. Hofu hiyo peke yake ilitosha kumrudisha mtu kwenye unga. Hata hivyo, ninachokiomba mimi hakihitaji mabilioni.

Naomba karatasi moja ya rufaa, ya Kiswahili, Kiingereza na Kifaransa, itambulike kuanzia Kisauni hadi Port Louis, Morisi. Iandikwe dozi na siku aliyokunywa mwisho. Iandikwe pia anameza dawa gani za virusi, kwa sababu efavirenzi hupunguza nguvu ya methadoni mwilini, na mgonjwa wa kifua kikuu anayetumia rifampisini hupata shida hiyohiyo zaidi. Mpokeaji asipojua hilo, mgonjwa atapata arosto huku kikombe amekunywa. Chini iwe na namba ya simu ya kliniki, inayopokelewa hata Jumamosi.

Rasimu nimeshaiandika na muuguzi mmoja anaipitia. Ninayemtafuta sasa ni mtu wa kliniki ya Unguja, na mwingine wa Moroni, watakaokubali kuisoma.