Mzee alilikataa shati letu

Mwanzo wetu wa kuwagawia nguo watu wanaolala nje ulikuwa mbaya, niseme ukweli. Majirani sita tu wa Buguruni, Dar es Salaam, tukakusanya nguo majumbani, tukajaza kiroba afu tukaenda nacho Kariakoo usiku, maduka yameshafungwa na watu wameshatandika maboksi yao vibarazani. Tukamwaga kiroba chini. Watu wakagombania mpaka nguo zingine zikachanika, ila mzee mmoja alibaki amekaa tu. Nikamfuata, shikamoo mzee, akaniangalia kwanza kama anahakikisha ni yeye kweli ninayemsalimia, ndo akajibu marahaba. Nikampa shati. Akaligeuza, akaona kola imelika, akanirudishia. "Mwanangu, mi nalala nje ila sio jalala."

Neno lile nilitembea nalo mpaka nyumbani.

Siku hizi nguo zinafuliwa, zinapigwa pasi, tunafunga kamba nguzo kwa nguzo tunazitundika kwenye henga kama mitumba pale Karume, mtu anachagua mwenyewe, anajaribu, ikimkataa anarudisha, hamna wa kumuuliza. Kabla ya hapo anaoga, choo cha kulipia tunalipa sisi, kinyozi wetu anakuja na mashine ya chaji. Na picha hatupigi jamani. Tunaambiwa bila picha hamtapata wafadhili, sawa, tukose, maana baba wa watu anayekula kwetu ana watoto mahali na sitaki wamuone kwenye simu ameshika sahani ya wali wetu.

Kinachoniuma bado ni kukamatwa. Mtu ameoga, amenyoa, kesho anasombwa eti mzururaji, wakati Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iko hapa hapa nchini kwetu, Arusha, Desemba 2020 ilishatoa maoni kwamba sheria za namna hiyo zinapingana na Mkataba wa Afrika. Na akitaka kitambulisho cha taifa anaambiwa alete barua ya serikali ya mtaa, sasa mtaa upi?

Yule mzee alikuja tena. Akajaribu mashati matatu, akachukua la bluu la mikono mirefu, akafunga vifungo vyote mpaka cha shingoni, akaniuliza, limekaa? Limekaa baba. Suruali ndo ikawa kubwa, akaikaza kwa kamba ya katani. Kwahiyo mwenye mikanda ya kiume asiyoitumia anitafute kabla ya Jumapili.