Mkaa wa Uzazi

Mkaa mzuri hulia. Ukiokota vipande viwili ukavigonganisha, hutoa mlio mkavu kama wa vigae vya chungu, na ukikivunja kimoja, pale kilipovunjika hung'aa, na miviringo ya mti ungali waiona. Mkaa mbovu humeguka mkononi, ukakuachia vumbi, basi. Nilifundishwa haya Pongwe, nje ya mji wa Tanga, Desemba ya 1997, nikiwa na miaka 16.

Dada yangu alikuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza, akarudi kulala uzazi kwetu Ngamiani, Tanga mjini. Mvua za El Nino zilikuwa zinanyesha tangu Oktoba. Uani palikuwa tope tupu, kuta za chumba zilitoka jasho, na winda za mtoto zilikaa kambani siku tatu bila kukauka. Bibi, ambaye alikuwa amewatunza wazazi wengi hadi wakatoka arubaini, alikuwa na amri moja: mzazi asiingiwe na baridi. Asubuhi na jioni alimkanda dada kwa maji ya moto. Usiku seredani, yaani jiko la mkaa, iliwekwa chini ya kitanda cha kamba, moto mdogo, na juu yake punje ya ubani.

Shida ikawa mkaa. Gunia la kwanza tulilinunua sokoni. Juu lilikuwa na mabonge ya kupendeza, yamepangwa moja moja kwa mkono hadi kwenye majani ya mdomo wa gunia. Tulipofika katikati tukakuta chenga, na chini ya chenga, visinga: vipande vya rangi ya kahawia ambavyo havikuiva, nusu mkaa nusu kuni. Kisinga kimoja kikiingia jikoni, chumba kizima hujaa moshi wa kuwasha macho. Hata ule ulioiva ulikuwa umenyeshewa. Ulialika na kurusha cheche, na usiku mmoja cheche ikatoboa chandarua, shubiri moja tu kutoka usoni pa mtoto. Mama alilia kwa hasira. Ikawa kila usiku tunafungua mlango na dirisha, tunapepea moshi kwa kipepeo cha ukindu, na mvua inaingia mpaka kwenye mkeka.

Si kwamba wachomaji wote walikuwa wadanganyifu. Malori yaliyoshusha mkaa kutoka Handeni yalikuwa yanakwama njiani siku nzima. Wale vijana waliokuwa wakiingia mjini alfajiri na magunia mawili juu ya baiskeli wakapungua mpaka ukawa huwaoni. Na Ramadhani ilikuwa inakaribia, kila nyumba inataka mkaa wa futari. Kilichofika mjini kikanunuliwa kama kilivyo.

"Usiniletee mkaa wa kupikia," bibi aliniambia. "Niletee wa uzazi."

Mama akanipa noti tatu za elfu, nikachukua baiskeli ya baba. Nilizunguka Makorora yote nikitia mkono kwenye magunia hadi kwenye kiwiko, wenyewe wakininung'unikia. Kila mkono uliotoka ulitoka na chenga. Mwisho fundi mmoja wa baiskeli, aliyekuwa akiziba pancha yangu, akaniambia kuna bibi mmoja Pongwe ana mkaa wa kiangazi. Maneno hayo, mkaa wa kiangazi, yalinitosha.

Njia ya Pongwe naijua vizuri, lakini siku ile sikuitambua. Mkonge ulisimama ndani ya maji pande zote mbili. Nilikanyaga pedali, nikashuka, nikasukuma, nikapanda tena. Nilifika nimelowa hadi kwenye mifupa, miguu imepakaa tope jeupe la machimbo ya chokaa.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Wataka mkaa?"

"Nataka wa uzazi."

Akaniangalia vizuri. "Nani kazaa?"

"Dada yangu. Leo siku ya 12."

"Kazaa nini?"

"Mwanamume."

"Mungu amkuze." Akaniita bandani.

Magunia yake hayakugusa chini. Yalikaa juu ya chaga, mabati juu, turubai ubavuni. Ulikuwa mkaa wa mkambala, wanawe waliuchoma Agosti, miti ikiwa mikavu. Bila kuombwa, alifungua gunia akamwaga nusu yake juu ya mkeka mkuukuu, nione wa katikati. Mpaka leo sijaona muuzaji mwingine akifanya hivyo. Akachukua vipande viwili akavigonganisha karibu na sikio langu.

"Wasikia? Sasa shika huu." Akanipa kipande kingine, cha mwembe, chepesi. Kiligongwa kikatoa sauti ya mbao. "Huu wawaka upesi, wafa upesi. Wa kuchemshia chai."

Alinieleza habari ya tanuri kama mtu anayeeleza habari ya mtoto wake. Magogo yapangwa, yafunikwa majani, kisha udongo, kisha watia moto upande mmoja na kuacha matundu ya kupumulia. Mwanzo moshi hutoka mweupe, mzito. Hayo ni maji ya mti. Siku zapita. Moshi ukigeuka mwembamba, wa rangi ya buluu, hapo mti umekwisha kuwa mkaa, na hapo ndipo wahitaji subira, kwa sababu ukifukua mapema upepo huingia, tanuri lote likashika moto, waokota majivu. "Hawa wa mvua hii wafukua kwa pupa," alisema. "Udongo mbichi, mti mbichi, na njaa nyumbani. Usiwalaumu sana."

Noti zote tatu zikaishia hapo, na sikuona kinyongo. Tulipokuwa tunafunga gunia kwenye keria na kulizungushia nailoni, akanishika bega. "Huu ukiwaka hausemi," akaniambia. "Mwambie bibi yako."

Nilidhani anausifu mkaa wake. Sikumwambia bibi.

Nilifika nyumbani Magharibi imeingia. Bibi alikuwa ameitwa msibani, barabara za juu huko, na hakujulikana atarudi saa ngapi. Nikawasha moto mwenyewe uani, chini ya upenu, kwa vifuu vya nazi. Ulishika taratibu, kisha ukawa mwekundu wote kwa pamoja, hauna moshi, hauna cheche, hauna harufu. Mama akaja kuutazama. Dada, aliyekuwa na siku 12 za kukohoa moshi, aliposikia jiko lililo kimya hivyo akasema, "Alhamdulillahi, leo nitalala."

Mimi nikaona kazi yangu haijatimia. Ikiwa moshi haupo, mvua iingie ya nini? Nikachukua ile nailoni ya gunia, nikaipigilia misumari kwenye dirisha, pande zote nne. Upenyo wa juu ya ukuta nikauziba kwa magunia. Chini ya mlango nikasokomeza matambara. Na kwa kuwa mkaa ulikuwa mzuri, seredani nikaijaza. Bibi hakuwa akitia hata nusu ya ule. Nilikwenda kulala kwenye chumba cha mbele nikiwa na furaha ambayo nilikuwa sijawahi kuipata kwa kazi yoyote.

Yaliyotokea humo chumbani niliyasikia baadaye kwa mama, aliyelala nao. Dada alilalamika kichwa kinamgonga. Mama akasema ni uchovu wa uzazi. Baadaye akatapika, mama akadhani ni malaria, akataka kuinuka kumtafutia dawa, miguu ikamkataa. Akakaa chini kidogo apumzike. Mtoto, ambaye kila baada ya saa mbili aliamka kunyonya, hakuamka. Mama aliniambia jambo hili moja ndilo linalomtia baridi mpaka leo: kwamba alimtazama mjukuu wake akafurahi amelala vizuri.

Bibi alirudi karibu saa sita ya usiku. Nilisikia kishindo cha mlango, halafu sauti yake, ambayo sikuwahi kuisikia ikipanda namna ile: "Watoeni! Watoeni nje!" Nilipotoka nilimkuta anapita ukumbini na seredani, ameishika masikio yake kwa mikono mitupu, mkaa mwekundu umejaa, anakwenda nao kwenye mvua. Aliutupa uani. Ulitoa mvuke mwingi mno, ua wote ukapotea.

Asubuhi tuliwapeleka hospitali ya Bombo. Daktari alimsikiliza dada maneno machache, akauliza, "Mlilala na jiko?" Kisha akatueleza, na nimesoma zaidi tangu siku hiyo, maana nilitaka kujua nilichokifanya. Mkaa wowote, mbovu au mzuri, ukiwaka hutoa gesi iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu. Ikivutwa huishika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na damu huendelea kuzunguka mwilini bila kubeba kile inachotakiwa kubeba. Yule mwenye sumu hii huumwa kichwa, hutapika, huishiwa nguvu, na mara nyingi hudhani ana homa. Halafu hulala. Moshi wa visinga, ule tulioulaani, ndio uliokuwa ukitulazimisha kufungua dirisha usiku baada ya usiku.

Bibi hakujua jina la gesi. Alichojua ni kwamba moto wa uzazi unaivia nje kwanza, unakuwa haba, na dirisha haliguswi hata mvua ikiwa ya mawe. Aliyajua hayo kama alivyojua kusali, hakuona haja ya kuyasema, na mimi sikuona haja ya kumngoja.

Dakika zile za uani, kabla ya asubuhi, ndizo nilizobaki nazo. Tuliwaketisha barazani, dada ameegemea nguzo, mama kando yake, upepo wa mvua unawapiga usoni. Mtoto alikuwa mikononi mwa bibi. Alimgeuza, akampiga nyayo kwa kidole, akampuliza usoni, akampiga tena. Mimi nilikuwa dirishani kwa nje nang'oa misumari kwa kisu cha jikoni, kwa sababu sikuweza kusimama tu, na sikuweza kutazama. Nilikuwa nimeng'oa mitatu nilipomsikia. Kwanza alikwaruza tu, kama paka. Kisha akalia, akalia kwa nguvu zake zote, majirani wakawasha taa, na hapakuwa na mtu hata mmoja aliyemnyamazisha.