Siku moja maishani mwangu: figo, mawese na swali la mlangoni

Saa 11 alfajiri nshaamka, Gungu bado giza, chai na muhogo wa jana afu bodaboda mpaka maabara. Saa 2 mpaka saa 5 ni malaria, mkojo, wingi wa damu, siku zote ndo hivyo.

Saa 5 na nusu ikaletwa ndoo toka theata, figo nzima ya mzee mmoja wa Ujiji. Ukiitumbukiza nzima kwenye formalini, dawa ya kuhifadhia nyama, haifiki katikati, nyama inaharibika, so daktari akaipasua na mi nimeshika ndoo, na ndani uvimbe ulikuwa wa njano, njano iliyokolea kabisa, una vidoa vya damu, pembeni figo yenyewe rangi ya maini. Jibu la uhakika litatoka Mwanza kwenye darubini, ila njano ile ni ya mafuta.

Saa 8 binti wa yule mzee akanifuata mlangoni, macho mekundu. "Kaka, daktari kasema uvimbe una mafuta, ni mawese niliyokuwa nampikia?"

Liliniuma sana hilo swali, Kigoma hii nani hali mawese! Nikamwambia dada hapana, hayo mafuta seli imeyarundika yenyewe. Kansa ya figo inayoonekana zaidi, ile ya klia seli, mara nyingi imeanzia kwenye jeni inaitwa VHL, ipo kromosomu ya 3, kazi yake kuhakikisha protini ya HIF, ile inayoiambia seli hewa imepungua, inavunjwa oksijeni ikiwepo ya kutosha. VHL ikiharibika nakala zote mbili HIF inazidi, seli inajiona imekosa hewa wakati damu ipo tele, inapunguza CPT1A ambayo ndo inapitisha mafuta yaingie mitokondria, jiko la seli, yakachomwe, basi yanabaki nje matone matone. Kuni zimejaa uani, mlango wa jiko umefungwa. Hivyo ndo nilivyomwambia, akaelewa.

Vinavyoongeza hatari ni sigara, unene na presha. Akanyamaza kidogo, akasema baba alivuta toka ujana.

Saa 1 usiku, ugali wa muhogo na dagaa wa mawese, nikala huku nasoma kuhusu belzutifan, dawa inayoziba HIF-2, aina moja ya hiyo HIF, Marekani waliipitisha 2021 kwa wenye ugonjwa wa kurithi wa VHL. Natamani ifike huku.

Boksi la sampuli ya figo hiyo linapanda basi la Mwanza kesho alfajiri, nalipeleka stendi mwenyewe.