Papasi Nne za Nzi Mmoja

Leo nimeikuta kwenye droo ile pini, chembe ya nta bado imeganda nchani. Nikamkumbuka yule nzi.

Nilimwokota dirishani, nikamsimamisha juu ya pini, uso ukielekea lenzi. Lenzi ya 50mm, imegeuzwa mbele nyuma, na kati yake na kamera mirija ya kurefusha ya kama milimita 150. Kwanza nilipiga picha ya rula: kihisi cha kamera chenye upana wa milimita 36 kilijaa kwa milimita 9 tu za rula. Ukuzaji wa mara 4, basi.

Hapo tundu la lenzi la f/5.6 hukupa kina cha ukali, yaani unene unaoonekana mkali, cha takribani milimita 0.1. Kulibana hadi f/16, ili kina kiongezeke, ni kujidanganya, maana kwa urefu ule wa mirija linafanya kazi kama f/80. Nuru hutapakaa na picha nzima hulainika. Ni lazima upige fremu nyingi, kisha programu iunganishe sehemu zilizo kali. Skrubu ya reli yangu, inayosogeza kamera, husogea milimita 1 kwa mzunguko, kwa hiyo nilibandika kwenye kitasa duara la karatasi lililogawanywa sehemu 20. Sogeza sehemu moja, toa mkono, hesabu hadi tano mtikisiko uishe, fyatua. Fleshi ilipita kwenye karatasi nyeupe ili isiache madoa makali.

Fremu za mwanzo zilikuwa vinyweleo tu vya papasi, zile pembe mbili za kuhisia kichwani. Halafu, katikati ya ukungu mwekundu, vikatokea vijicho vichache vyenye pembe sita, vimepangana kama sega. Nikasogeza. Vile vya kwanza vikazama, pete ya vingine ikavizunguka. Nikasogeza tena, pete ikapanuka. Nilikuwa nimezuia pumzi, na sikutaka jicho lile liishe.

Fremu 60. Programu ilipomaliza, macho yalikuwa makali hadi ukingoni, lakini papasi zilikuwa nne. Taa ya mezani niliyotumia kutafutia fokasi niliiacha ikiwaka. Joto lilimkausha nzi, papasi zikalegea kurudi nyuma, zikaingia kwenye fokasi mara ya pili. Fleshi peke yake isingefanya hivyo.

Jozi ya pili inafutika: unapaka papasi za fremu za mwanzo juu yake. Kila nikifungua faili nakusudia kufanya hivyo, halafu naangalia macho yale, naifunga.