Makaratasi ya familia mtandaoni: ufunguo abaki nao nani?

Familia yetu ina makaratasi mengi kuliko mali. Hati ya shamba la Muheza, mihutasari ya vikao vya mirathi, vyeti vya kuzaliwa, cheti cha ndoa cha mama kilichoanza kuliwa na mchwa, na bahasha za hospitali. Yote yalikaa kwenye sanduku moja la bati chini ya kitanda cha bibi, Tanga. Masika maji yalipoingia chumbani tukakubaliana zipatikane nakala nje ya nyumba, na kazi nikapewa mimi, eti ndiye mtu wa kompyuta.

Nilipopendekeza tuziweke mtandaoni, kwenye hifadhi ya Google, kampuni ya Marekani, aliyepinga ni ba'mdogo. "Mwanangu, hati ya babu yako inakwenda Marekani kufanya nini?"

Wadogo zangu walicheka. Mimi nikaona kauliza la maana. Kampuni nyingi za kuhifadhi faili husema kila kitu kimefungwa kwa siri, na kweli kimefungwa, ila ufunguo wanao wao. Mahakama ya kwao ikiudai, watautoa. Programu yao ikikosewa, mlango uko wazi: mwezi Juni 2011, kwa karibu saa 4, akaunti za Dropbox zilikuwa zinafunguka kwa nenosiri lolote utakaloandika. Na Januari 2012 serikali ya Marekani ilipoifunga Megaupload kwa kesi ya hakimiliki, waliokuwa wameweka humo faili zao halali nao walijikuta nje. Sisi tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, lakini sheria hukusaidia kulalamika. Siri ikishatoka imetoka.

Ajabu ni kwamba tunaogopa Marekani na steshenari hatuiogopi. Ramani ya shamba haikuenea kwenye kamera ya simu, nikaipeleka kuskaniwa mjini. Kioo cha kompyuta ya pale kilikuwa kimejaa vitambulisho vya NIDA vya watu, wasifu za waombaji kazi, hata cheti cha kifo cha mtu nisiyemjua. Kila aliyeskani aliondoka na flashi yake na kuacha nakala nyuma. Nikamwomba kijana afute yangu, nikasimama nyuma yake mpaka alipomwaga na kapu la taka. Alininunia kidogo. Karatasi zilizobaki nilizipiga mwenyewe kwa simu, mezani, karibu na dirisha.

Suluhisho nililochagua ni kufunga kabla ya kupakia. Natumia Cryptomator, programu huria ambayo kwenye kompyuta ni bure. Unatengeneza kabati ndani ya folda inayopanda mtandaoni, unaliwekea nenosiri, na kila unachoweka humo kinafungwa hapo hapo kwenye mashine yako kabla ya kuondoka. Kampuni inapokea kitu kilichokwisha kufungwa, na nenosiri haina.

Sikutaka ba'mdogo aniamini kwa mdomo. Nikafungua akaunti kwenye kivinjari, akavaa miwani, akatazama: folda ndani ya folda, faili zenye majina ya herufi zisizosomeka, zote zikiishia na .c9r.

"Mbona kama imeharibika?"

"Ndivyo mwenye seva anavyoiona, ba'mdogo."

Nilimwambia pia kisichofichika: ukubwa wa faili na tarehe zilipopakiwa wanaviona. Hilo halikumsumbua.

Usumbufu upo. Ukiwa kwenye tovuti yao huwezi kutafuta faili kwa jina, wala kuichungulia kabla ya kuifungua. Kwa hiyo picha za harusi nimeziacha wazi; zimeshazunguka WhatsApp ya mji mzima, nizifunge ili iweje?

Kilichotuchosha ni ufunguo wenyewe. Nenosiri likipotea hakuna wa kumpigia simu, na mimi nikifa leo je? Programu inatoa ufunguo wa akiba, msururu mrefu wa maneno ya Kiingereza, nikauchapa. Nani aushike? Ba'mdogo aliutaka, lakini ana mvutano wa mpaka wa shamba na binamu zangu, na wao wakasema wazi kwamba hawakubali. Kikao kikachukua mchana mzima. Mwisho bahasha moja imekwenda kwa shangazi, ambaye hana sehemu kwenye lile shamba, na nyingine kwa dada aliyeko Muscat, zote zimesainiwa juu ya gundi ili ikifunguliwa ijulikane. Na kwa kuwa anayeweza kuingia kwenye akaunti anaweza pia kufuta, nina nakala kwenye diski ya nje, nayo imefungwa vilevile. Dada ana zamu ya kuingia kwenye akaunti mara kwa mara, maana Google, tunakohifadhi, inaweza kuifuta akaunti isiyoguswa kwa miaka 2.

Bahasha za hospitali hazimo mtandaoni. Mama alikataa hata baada ya kuona zile herufi. Anasema ya mwili wake yabaki nyumbani. Nakala zake ziko kwenye diski peke yake, na sikubishana naye.